Fumbo Rahisi la Kilimani

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Limeelekea barabara na kukipa kilima mgongo, na wakaaji wake vivyo hivyo. Kila alasiri utawakuta hapo Sentimita, fundi cherehani asiyevua utepe wake shingoni hata akienda msibani, na Stempu, mstaafu wa posta, anayeamini kila jambo duniani ni barua iliyopotea. Mama Kahawa huweka jiko pembeni. Birika ni moja kwa siku, likiisha limeisha. Kinyozi mwenyewe hana hata unywele mmoja kichwani, kwa hiyo walimwita Kipara, naye akazoea. Jumamosi hiyo Kipara hakuwa na raha. Alikuwa ameshika karatasi.

— Jamani, basi linafika saa kumi, alisema. Nisaidieni kabla ya hapo.

Kisa chenyewe walikijua. Binti yake wa miaka tisa analelewa na bibi mzaa mama, na huja kumwona Jumamosi moja kila mwezi. Mwezi uliopita alishinda kando ya kiti cha kunyolea akitazama visogo vya watu, na alipokuwa anapanda basi kurudi alisema, kwa adabu kabisa: "Baba, mwezi ujao naomba nibaki kwa bibi." Neno hilo lilimkaa Kipara kooni kama mwiba wa samaki. Kisha mteja mmoja, wa wale wanaopanda kilima na mabegi mgongoni, akasahau karatasi kwenye kiti. Kipara akaisoma, akampigia binti simu: njoo, mwanangu, kilimani kuna kisanduku kimefichwa, kina fumbo, na fumbo lenyewe baba yako ameshalifumbua. Hilo la mwisho lilikuwa uongo.

— Soma, alisema Stempu.

Kipara akasoma: "Fumbo rahisi kwa wanaoanza. Fuata njia ya kilimani. Hesabu mbao za daraja dogo. Zidisha kwa idadi ya viti vya kupumzikia vilivyo njiani. Kutoka kiti cha mwisho tembea hatua hizo, tazama chini ya jiwe jeupe. Andika jina lako kwenye daftari, urudishe kisanduku ulipokikuta."

— Ndani kuna nini? aliuliza Sentimita.

— Daftari.

— Na nini?

— Na kalamu.

— Kwa hiyo mtu anapanda kilima, anaandika jina, halafu?

— Anakirudisha.

— Halafu?

— Anashuka nyumbani kwake.

Sentimita akamtazama Mama Kahawa.

— Huyo mtu ana ndugu? Wamempeleka hospitali?

— Nimimine au nisimimine? alisema Mama Kahawa.

Akamimina. Sentimita akavua utepe shingoni, tukio ambalo halijapata kuonekana, akaulaza juu ya karatasi.

— Hili ni suala la vipimo. Neno "daraja" mpaka neno "jiwe" ni sentimita sita. Mara viti. Viti havitajwi ni vingapi, maana yake ni kimoja, vingekuwa vingi wangesema. Jibu ni sita.

— Hatua sita kutoka wapi?

— Kutoka hapa tulipo. Si tumekaa kwenye kiti?

Kipara akainuka, akapiga hatua sita, akajikuta katikati ya barabara. Mwendesha baiskeli akamtukana.

— Rudi, watakuua bure, alisema Stempu. Hivyo si vipimo, hiyo ni anwani. Nimepanga barua miaka thelathini na moja. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mvungu uko wapi?

— Chini ya kitanda.

— Basi kisanduku kiko chini ya kitanda cha mtu. Jiwe jeupe ni mto. Mtu huyo analala, hajui kama amelalia daftari la majina ya watu.

— Majina ya nini?

— Ya wanaodaiwa majibu ya barua! Mnadhani kwa nini hamjibiwi?

— Mzee wangu, alisema Kipara, wameandika "kwa wanaoanza".

— Huo ndio mtego wenyewe. Fumbo likijiita rahisi, likimbie.

— Akili ni nywele, alisema Sentimita kwa huruma, kila mtu ana zake.

Wote wakakitazama kichwa cha Kipara. Mama Kahawa akacheka mpaka ikabidi alishike birika kwa nguo lisipinduke.

— Mama, na wewe? Kipara aliuliza. Njia ya kwako si inapita huko nyuma?

— Daraja hilo nalivuka kila asubuhi, mwanangu. Lakini birika likiwa kichwani, nani anatazama miguu?

— Tungekwenda tu tukaone, alisema Kipara. Ni hapo nyuma ya maduka.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Stempu. Mimi namsikia mkuu. Guu langu sipandishi kilima.

Akanyoosha mkono kuchukua kikombe, kikombe kikapinduka, kahawa ikaenea juu ya karatasi yote.

— Penye wazee haliharibiki neno, alisema, akiifuta kwa kofia. Yakabaki maneno mawili: "rahisi" na "jeupe".

Hapo basi likasimama. Binti akashuka, begi dogo mgongoni na viatu vya michezo vilivyofungwa kwa mafundo mawili mawili. Akawaamkia wote.

— Shikamooni.

— Marahaba, mjukuu, alisema Stempu. Karibu. Baba yako amelimaliza fumbo lote!

Binti akainamisha kichwa, kisha akauliza polepole:

— Baba, daraja lina mbao ngapi?

Stempu akamtazama Sentimita. Sentimita akatazama utepe. Mama Kahawa akainamisha birika. Likatoa tone moja, likakoma.

— Sijui, mwanangu, alisema Kipara. Nilikudanganya. Sijawahi kufika huko.

— Kwa hiyo bado halijafumbuliwa?

— Hata nusu.

Uso wa mtoto ukafunguka.

— Afadhali! Njia nzima nilikuwa nimenuna. Nilidhani umelimaliza peke yako, mimi nije kutazama tu.

Kipara akafunga kibanda kabla hajamaliza kusikia. Yeye na binti wakaupita ukuta wa maduka, na haikuchukua hata dakika mbili, sauti mbili zikasikika nyuma ya benchi, moja nzito na moja nyembamba: moja, mbili, tatu... Zikafika kumi na nne, zikanyamaza. Kisha kicheko.

— Kumi na nne? alisema Sentimita. Haiwezekani. Mimi nilipima sita.

— Wameruka moja, alisema Stempu. Inabidi mtu aende akahakiki.

— Inabidi kabisa.

Wakakaa.