Mwalimu Ghattas Jiryis, Aliyemsoma Ndugu Yake Vibaya

Baba Paroko, wazee wa Madaba, walimu mliofundisha na marehemu, na ninyi wanafunzi wake mliojaza kanisa hili hadi kwenye ngazi za nje, familia ya hayati Jiryis inawaomba dakika chache kabla jeneza halijainuliwa, ili mwendo wa maisha ya huyu aliyelala mbele yenu usomwe mbele ya watu waliomjua, na pale utakapokosewa wawepo wa kuusahihisha, kwani yeye mwenyewe hakuwahi kuiacha sentensi mbovu ipite.

Mwalimu Ghattas alizaliwa hapa Madaba tarehe 12 Februari 1951, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Jiryis, fundi wa kuchonga mawe, na mama Naifa, na baada yake walizaliwa mabinti watatu, ambao wote wametangulia mbele ya haki, kisha tarehe 2 Juni 1957 akazaliwa kitinda mimba, Nimr, ambaye yuko nasi leo katika safu ya kwanza, na ambaye marehemu ndiye aliyemfundisha kutembea, akimshika kwa mshipi wa kanzu ya baba yao kuanzia mlangoni hadi kwenye kisima cha ua.

Alianza masomo katika shule ya parokia mwaka 1957, akamaliza sekondari mwaka 1969, akaingia Chuo Kikuu mjini Amman kusomea lugha ya Kiarabu na fasihi yake, akahitimu Juni 1973, na mwaka huohuo Wizara ikampeleka kufundisha katika kijiji kimoja cha Karak, ambako alikaa miaka sita, akilala katika chumba kilichopakana na zizi la mbuzi, na akiwasomea wanafunzi wake hadithi kwa sauti kubwa ili awashinde mbuzi hao, kabla ya kuhamishiwa shule ya wavulana ya hapa Madaba mwezi Septemba 1979, na hapo ndipo alipobaki hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011.

Tarehe 8 Septemba 1978 alifunga ndoa na Wadad binti Tannous, mwalimu wa hesabu, katika kanisa hilihili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Hazim, aliyezaliwa mwaka 1980, ambaye ni mhandisi huko Irbid, na Rula, aliyezaliwa mwaka 1983, mfamasia, pamoja na wajukuu watano, ambao wote walipokuwa wadogo waliadhibiwa na babu yao kwa namna moja tu, nayo ni kusimuliwa hadithi na kuachwa bila mwisho wake hadi waombe radhi.

Waliopita mikononi mwake darasa la tisa hawajalisahau somo la wahusika, ambalo alilifundisha kila mwaka mwanzoni mwa Novemba, akigawa ubao kwa mstari wa chaki, upande mmoja mhusika asiyebadilika, upande wa pili mhusika anayebadilika, na akikataa kabisa majibu mepesi, kwani kijana akisema fulani amebadilika kwa sababu amelia, mwalimu humwambia, "Hata kitunguu kinaliza, mwanangu, kaa," na akisema amebadilika kwa sababu amehama au ametajirika, humwuliza kama koti jipya ni mtu mpya, hadi darasa zima lifike lenyewe mahali alipotaka lifike, kwamba mhusika amebadilika siku anapotenda jambo ambalo katika ukurasa wa kwanza asingelitenda kamwe, tena analitenda likimgharimu. Wala hakuwaruhusu kumdharau yule asiyebadilika, maana alisema kuna hadithi ambazo zingebomoka zote endapo mama mmoja, aliyesimama mlangoni tangu mwanzo, angechoka kusimama.

Ilitokea siku ya Jumanne tarehe 3 Novemba 2009, katika somo hilo, kwamba darasa lilikuwa zito, mifano ya kitabuni haikuwaingia vijana, naye mwalimu akaweka chaki mezani akasema, "Mnataka asiyebadilika? Kifungeni kitabu, nitawapa aliye hai. Ndugu yangu Nimr. Ana miaka saba anasema kesho, ana miaka hamsini na mbili bado anasema kesho, na baba yetu amekufa akiisubiri kesho ya Nimr." Vijana walicheka, kwa sababu mwalimu alikuwa hodari wa kuchekesha, kisha kicheko kikakatika safu kwa safu, kwa sababu katika dawati la tatu alikuwa ameketi Sanad, mwana wa Nimr, mwenye miaka kumi na minne, ambaye mwalimu alikuwa amemsahau.

Jambo lililosemwa lilikuwa na chanzo cha kweli, na familia hailifichi, kwamba mwanzoni mwa Machi 1998 mzee Jiryis alishikwa na maumivu ya kifua, Nimr akaahidi kuja na gari Jumatano asubuhi ampeleke kwa daktari Amman, karakana yake ya kupanga vijiwe vya rangi kuwa michoro ya sakafuni ikamshika na kazi ya wageni, akaja Alhamisi, tarehe 5, akakuta wanawake wanalia uani. Kwa miaka kumi na mmoja ndugu wawili hawakulitaja jambo hilo hata mara moja, na lilipotajwa lilitajwa mbele ya vijana thelathini na wanane, na Madaba ni mji ambao neno la saa tatu darasani huwa limefika kila meza wakati wa chakula cha mchana.

Sanad ndiye aliyelipeleka nyumbani kwao, kwa sababu aliulizwa kwa nini hali chakula, naye Nimr alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Mwalimu wako ni mwalimu wako, kesho utaenda shule na utamwamkia," kisha akavuka barabara hadi nyumbani kwa kaka yake, akabisha, na Wadad alipofungua, akasema, "Shemeji, mwambie Baba Hazim sitaingia nyumba hii tena," akarudi zake.

Marehemu alijua siku hiyohiyo kuwa amekosa, na alimwambia mkewe hivyo, lakini alikuwa mkubwa, alikuwa mwalimu, na desturi yetu humtaka mkosaji apeleke wazee nyumbani kwa aliyekosewa kuomba radhi, naye hakuweza kujiona akiwapeleka wazee kwa mdogo wake aliyemfundisha kutembea, akasema atangoja sikukuu, sikukuu ikapita, akasema atangoja harusi ya Rula, nayo ikapita, na mama Naifa alipofariki Januari 2014 ndugu wawili walisimama kupokea mikono ya waombolezaji kila mmoja katika ncha yake ya safu, na binamu saba kati yao. Novemba 2010, ya mwisho kabla ya kustaafu, alilifundisha somo la wahusika kama kawaida, na Wadad anasema kwamba jioni ya siku hiyo hakula chakula.

Mwezi Agosti 2022 figo zake zilikoma kufanya kazi, ikalazimu apelekwe hospitali Amman mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, awe amefika kabla ya saa moja asubuhi, na kwa kuwa Hazim yu mbali, Wadad alimwambia amepata gari la kukodi, na kweli kila Jumamosi, Jumatatu na Jumatano gari lilisimama mlangoni saa kumi na moja na nusu, mvua au baridi, bila kukosa, hadi marehemu, aliyezoea kusahihisha kila kitu, akakiri kwamba dereva huyo, Shaher, hana kasoro. Asubuhi moja ya Aprili 2023, ukungu ukiwa mzito njiani, alimwambia dereva apunguze mwendo, hakuna atakayekufa kwa kuchelewa kidogo, naye Shaher akajibu kwa unyofu wake, "Mwalimu, mimi siogopi hospitali, namwogopa bwana wangu Nimr, anasimama kwenye kona kila siku na saa mkononi, ameniambia siku nitakayochelewa dakika moja kwa mzee huyu nitafute kazi kwingine."

Marehemu aliporudi alimwuliza mkewe, na Wadad, ambaye kwa miezi minane alikuwa ameifunga siri hiyo kwa ombi la Nimr, alimweleza yote, na zaidi ya yote, kwamba tangu Machi 1998 hakuna mtu Madaba aliyewahi kumngoja Nimr, kwamba sakafu ya vijiwe yenye mchoro wa ubatizo tuliyoipita leo mlangoni mwa kanisa aliikabidhi wiki mbili kabla ya siku aliyoahidi, na kwamba neno kesho halimtoki kinywani hata akiulizwa hali ya hewa. "Mji mzima unajua, Baba Hazim," alimwambia, "ni wewe tu uliyebaki ukurasa wa kwanza."

Ndipo Ijumaa tarehe 12 Mei 2023 wazee kumi na wanne wa Madaba, Waislamu na Wakristo, wakiongozwa na mzee Farhan, walikwenda nyumbani kwa Nimr kwa niaba ya marehemu, na ingawa kwa desturi mkosaji hubaki nyuma hadi aitwe, yeye alikataa kubaki, akaketi kando ya mzee Farhan, kwa sharti alilopewa na wazee kwamba asifungue kinywa. Kahawa chungu ikaletwa, mzee Farhan akapokea kikombe akakiweka mezani mbele yake, kwa kuwa hakinywewi mpaka ombi likubaliwe, kikinywewa mambo yamekwisha, akasimama, akaanza hotuba yake, akawataja mababu hadi wa tano, na alipofika kwa wa sita akasikia wenzake wote wamevuta pumzi kwa pamoja, akageuka, akamwona mwalimu ameshika kile kikombe mkononi, kikiwa kitupu.

Haijawahi kutokea, na mzee mmoja alifunika uso kwa ncha ya kilemba chake, wala hakuna aliyejua ni kiu ya ugonjwa ule, ambao humnyima mtu maji, au ni mtu aliyeona hana siku za kutosha za kungoja hotuba iishe, na marehemu alipoulizwa baadaye alikataa kabisa kusema. Nimr akasema, "Mzee Farhan, kaa, hotuba yako nzuri itunze kwa ajili ya mjukuu wangu atakapooa. Kikombe kimeshanyweka. Nimfanye nini sasa huyu, nimpindue kichwa chini?" Marehemu akavunja sharti lake, akasema, "Nilikukosea mbele ya watoto, na nilikukosea zaidi kwa kutokutazama," na Nimr akajibu, "Mwongezeeni kahawa, lakini kidogo, daktari wake mkali."

Hilo halikumtosheleza marehemu, kwa sababu kosa lilitendeka darasani, akaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, na Jumanne tarehe 23 Mei akaingia darasa la tisa akiegemea mkono wa Sanad, huku Nimr akiwa amebanwa katika dawati la nyuma lisilomtosha magoti, akagawa ubao kwa mstari kama zamani, na upande wa asiyebadilika akaandika jina moja, Ghattas, akawaeleza vijana yote yaliyomo katika maneno haya, bila kujipunguzia, akamalizia kwamba mhusika wa kitabuni unaweza kumhukumu kwa sababu kurasa zake umezimaliza, lakini mtu unayekula naye, ukimwandikia neno la mwisho, basi ni wewe uliyeacha kusoma. Kijana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, sasa jina lako tulihamishe upande wa pili?" naye akasema, "Swali zuri, lakini si mimi wa kulijibu," na kutoka nyuma Nimr akasema, "Lihamishe, mwanangu, kwa penseli," na waliomjua marehemu wanasema hawakuwahi kumwona akicheka vile ndani ya darasa.

Kuanzia hapo Nimr mwenyewe ndiye aliyeendesha gari lile, mara tatu kwa wiki kwa miezi tisa, na njiani, na kwenye mashine, alimsomea kaka yake gazeti, yeye aliyeacha shule darasa la nane, na marehemu alimsahihisha irabu moja baada ya nyingine, mpaka wauguzi wakajifunza sarufi bila kukusudia. Tarehe 11 Februari 2024 moyo wake ulidhoofika akalazwa, tarehe 17 alisahihisha kosa lake la mwisho, katika habari ya bei ya nyanya, na asubuhi ya Jumatatu tarehe 19, saa nne, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mkono wake mmoja ukiwa kwa Wadad, mwingine kwa Nimr.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, walimu wenzake waliokesha nasi, majirani, Waislamu na Wakristo, ambao tangu juzi hawajaruhusu jiko la Wadad liwashwe, wazee waliokwenda na marehemu Mei ile, na Shaher, dereva, kwa kila asubuhi.

Inapasa pia kusemwa kwamba jana, maneno haya yalipokuwa yakiandaliwa, wengi katika familia walitaka habari ya ndugu wawili iachwe, marehemu azikwe na sifa zake tu, na karatasi ilikuwa imekwishafupishwa, lakini Nimr aliichukua, akaisoma polepole hadi mwisho, akairudisha akisema, "Huyu mliyemwandika hapa ni mwema tangu mwanzo hadi mwisho, wala simjui. Kaka yangu alibadilika akiwa na miaka sabini na miwili, na ilimgharimu. Mrudisheni," akampa Sanad, mwanawe, kazi ya kuandika upya na kusoma, naye amesoma.

Mwalimu Ghattas, sisi tumefika mwisho wa maandishi yetu, wewe lala kwa utulivu, na Mungu akusome kwa rehema.