Kopo la Ugoro

Noah ya abiria kutoka Olmotonyi ilikuwa na nafasi asubuhi hiyo, nami niliketi nyuma ya mzee Lemomo, dalali wa ng'ombe. Mama mmoja mwenye kikapu cha parachichi akakaa pembeni yake. "Shikamoo, baba." Mzee akaitikia kwa mkono.

"Mdomo umejaa vidonda, mama," alinong'ona. "Hata ARV nimeziacha kwanza, hazimezeki." Mnong'ono wa dalali wa ng'ombe tuliusikia sote.

"Sasa hapo unapaka nini?" mama aliuliza, akimwona anachovya kidole kwenye kopo dogo na kukipitisha mdomoni.

Mzee akampa lile kopo alione. "Ugoro. Baba yangu alijitibu nao kila kitu."

"Akapona?"

Mzee akageukia dirishani.

"Mimi dawa zangu nilizimeza na loshoro, mahindi na mtindi, iliyopoa, huku nalia," mama alisema, tena bila kunong'ona. "Kliniki wakanipa ya kutibu vidonda. Sasa hivi natafuna nyama."

"Kliniki watanikataza ugoro."

"Watakukataza, ndiyo."

"Basi siendi."

Gari liliposimama mbele ya kliniki, mama alishuka na kikapu chake, kopo la ugoro likiwa juu ya parachichi. Mzee akatazama mkono wake mtupu, akatutazama sisi, kisha akaomba njia ashuke.