Tarehe Niliyoichapa Mimi

Sogeeni wanangu, na mmoja wenu azime hiyo redio, maana sauti niliyobaki nayo haiwezi kushindana na bendi inayotangaza Siku ya Askari. Nyumba mnajua nimeigawaje: chumba cha mbele ni cha dada yenu fundi cherehani, vya nyuma ni vya mdogo wenu dereva, hati iko kwenye kabati la vyombo, na asiyeridhika aseme sasa ningali namsikia. Lililonikaa kooni si nyumba. Ni hiyo sikukuu, na nasema nawe hasa, mwanangu mkubwa, katibu wa kamati, uliyesimama mlangoni na mkoba kwapani kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Kaa chini.

Ninyi mnaijua sikukuu ya gwaride na mahema ya wageni. Haikuanza hivyo. Mwaka mmoja baada ya vita, wanawake wa mji huu walikusanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, mmoja akashika karatasi akaanza kuita majina ya kikosi chetu kizima, kama askari wanavyoitwa asubuhi kambini, na kila jina lilijibiwa "Yupo!" Aliyerudi alijiitikia mwenyewe, aliyekufa aliitikiwa na mama yake au mkewe. Hakuna hotuba, hakuna viti. Bibi yenu alimwitikia mjomba wenu, mpishi wa kikosi, kwa sauti iliyofika barabarani. Mwaka wa pili mkuu wa wilaya alikuja kutazama, akatokwa na machozi mbele ya watu, akarudi ofisini ameshikilia kwamba jambo lile lazima liwe sikukuu ya nchi nzima.

Mimi ndiye niliyekuwa mpiga chapa wake. Nilikuwa nimemaliza sekondari juzi tu na nilijiona najua kila kitu. Alikuwa akitamka barua, natwanga mashine, akafika mahali akasimama, akaniuliza, "Binti, hivi vita viliisha tarehe ngapi?" Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Tarehe nane, mzee, ilitangazwa redioni." Akasema, "Haya, tia nane." Nikatia nane. Barua ikapanda juu, ikawa sheria, na sheria ikasema wanaoenziwa ni waliopigana na waliokufa hadi tarehe nane.

Miezi mitano baadaye akaja nyumbani fundi mitambo wa kikosi, mkono mmoja umeungua, ndiyo kwanza ametoka hospitali ya mbali alikolazwa tangu vita. Ndiye aliyetueleza kwamba mtambo wao wa mawasiliano pale kwenye daraja walilolinda, mbali na wenzao, ulikuwa umekufa, habari za amani ziliwafikia tarehe kumi, na tarehe tisa, huku sisi tunacheza ngoma barabarani, watu kumi na wawili waliuawa. Mjomba wenu alikuwa anawapelekea chai.

Mwaka uleule orodha mpya ya serikali ilisomwa uwanjani. Bibi yenu alikuwa ameshasimama, kifua mbele, mdomo wazi tayari kuitikia, na jina halikuja. Msomaji akaruka akaendelea na mwingine. Mama yangu akabaki amesimama vile mpaka nikamvuta gauni akae. Alikufa akimlaumu yule msomaji, na mimi sikuthubutu kumwambia kwamba tarehe ile ilitoka kinywani mwangu.

Msidhani nilinyamaza. Nilimwendea mkuu, akaniambia, "Barua imeshapanda, binti, na barua haishuki." Nimezungushwa miaka thelathini na sita, huyu ananiambia lete cheti cha kifo, nikileta anaweka kidole kwenye tarehe tisa na kusema, "Si unaona mwenyewe, mama? Vita vilikuwa vimekwisha." Mwingine aliniuliza kama marehemu aliugua muda mrefu. Kisha siku moja nasikia sikukuu imehamishiwa Jumatatu ya karibu, ili watu wapate mapumziko marefu. Wamesogeza siku tatu kwa ajili ya watu kulala! Mimi nilikuwa naomba moja.

Na sasa wewe. Mnajenga ukuta wa mawe, majina yanachongwa, orodha inakwenda kwa mchongaji leo, na iko ndani ya mkoba huo. Juzi ulinijibu nini hapa hapa? "Mama, tukiwafungulia hao, kila mtu ataleta wa kwake." Walete! Ukuta ni wa nini? Watu kumi na wawili hawajazi hata basi dogo. Ulisema pia kanuni hazikuruhusu. Kanuni unazoziogopa nilizichapa mimi, nikiwa na njaa, nikiwaza chakula cha mchana.

Dada yako akupe ile bahasha ya hospitali yenye picha za kifua changu. Ndani kuna maelezo niliyoyatoa mbele ya hakimu, nimetia saini na kidole gumba vilevile wasije wakasema mkono ulitetemeka. Yanaeleza nani alisema nane na kwa nini. Majina yote kumi na mawili yako nyuma, na vijiji vyao. Yaandike kwenye orodha kwa mkono wako, ugonge muhuri wa kamati. Wakikufukuza ukatibu, ulikuwa mwalimu, utarudi darasani. Sikukulea uogope kiti.

Mkinizika, msinitafutie maneno matamu. Dereva, usigombane na dada yako juu ya choo, kitumieni wote. Fundi, pumzika, umenigeuzageuza kitandani miezi minne na sijakuambia ahsante. Ahsante.

Ngojeni... nivute pumzi.

Mungu awalinde. Awape watoto wanaosikia mara ya kwanza wanapoitwa. Awape... usingizi. Nawaachia radhi zangu nyote, na wewe katibu pia, nakupa kabla hujafanya nililokutuma, ili usije ukasema nilikununua.

Unalia nini sasa? Mchongaji anafunga saa kumi. Chukua bahasha, nenda. Usikae hapa kunisindikiza... kufa nitakufa mwenyewe, kule... kule siwezi kwenda. Nenda, baba.