Tangazo Lililosomeka "Picha"

Jamani, nikipandisha sauti mnivumilie. Nyie wenzangu msioona mnanijua, domo langu halina breki.

Macho yalinipotea nikiwa bado shule. Mama mkubwa ndiye aliyenichukua kwake kijijini Tosamaganga, akanilea upya, mpaka kushika kikombe. Simu inayosoma kwa sauti nilijifunza mwenyewe: nabonyeza, nakosea, natukana, narudia. Yeye anacheka tu, "Mwanangu, na hiyo simu mtauana." Nikaweza. Nikahamia Mbeya, hapa mtaa wa Soweto, kutafuta maisha.

Ukoo wetu una ukurasa mtandaoni, anausimamia binti yake mama mkubwa. Siku moja nikaufungua. Simu ikasema, "Picha." Nikashuka. "Picha. Kitufe. Kitufe." Basi. Nikadhani ni harusi ya mtu, nikafunga.

Ndugu zangu, nawaambia, lile lilikuwa tangazo la msiba! Maneno yote yalikuwa ndani ya picha, na simu yangu haisomi picha. Kule kila mtu akadhani nimeshapata habari. Jumapili nikampigia mama mkubwa kumsalimia, kama kawaida yetu. Akapokea binti yake.

"Kaka, tulikungoja. Tumeshamzika mama."

Nilimtukana, nikakata. Sikuishika tena simu, sikutaka kuongea na mtu. Mimi kukaa kimya, mnajua, ni ugonjwa.

Dada huyo akapanda basi mpaka kwangu. Nikamfukuza. Akakaa mlangoni.

"Kaka, nionyeshe inavyosema."

Nikamfunga kitenge machoni, kwa hasira kabisa, nikamtupia simu. "Haya, tafuta msiba wa mama yako!"

Akagusa. "Picha. Kitufe. Picha." Akagusa tena, na tena. Nikasikia analia. Na mimi nikaachia machozi.

Tangu hapo haweki picha bila maneno, na kila kitufe kakipa jina. Halafu akarudi kwenye picha za mazishi, akaziandikia moja moja. Simu ikanisomea: "Jeneza la mama, limefunikwa kitenge chake cha bluu. Upande wa kulia tumeacha nafasi ya kaka."

Namshukuru dada yangu. Nawashukuru nyie mliogonga mlango nikawajibu vibaya, mkagonga tena. Na wenye macho mliopo hapa, nawaomba: ukiweka picha, andika chini yake ni nini. Mstari mmoja tu. Mimi mazishi ya mama yangu nimeyahudhuria kwa mstari mmoja.