Fonti ya Mteremko na Chupa ya Dawa ya Gaju

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Frederick Nkusi, uliyeacha kazi zako za leo katika ofisi ya mji ukaja kwetu Kagarama. Viongozi wa mtaa, majirani na wateja wetu:

Makaribisho

Sisi wachora herufi kumi na mmoja tunakukaribisha kwa moyo wote. Anayesoma kwa niaba yetu ni katibu wetu Kabagwira. Tulikuwa tumeandika risala nyingine, ya shukrani tupu. Tumeichana. Hii tumeiandika kwa hofu, na tunakuomba uisikilize yote kabla hujakata utepe wa uzinduzi.

Tulikotoka

Tulianza mwaka 2016 kwa brashi na makopo ya rangi, tukichora mabango ya vinyozi, mafundi cherehani na wauza maziwa. Mwenzetu Ilyasi Munyaneza alikuwa na mkono wake wa pekee: herufi nene, zimelalia kulia, zimebanana. Aliyepakiwa kwenye pikipiki alilisoma bango lake kabla hajalipita. Miaka minne iliyopita alizichora upya kwenye kompyuta, pamoja na tarakimu na alama zote, tukapata fonti tuliyoiita Mteremko.

Mafanikio

Leo Mteremko iko kwenye vibao vya maduka ya Kicukiro, fulana za timu, mabango ya harusi na ubavuni mwa malori. Tuliigawa bure kwa WhatsApp. Chini yake tuliandika maneno mawili: "Inafaa popote."

Mheshimiwa, maneno hayo si kweli.

Changamoto

Tunayo moja tu.

Mwezi wa tatu, Gaju, binti wa mwaka mmoja na nusu wa jirani yetu Phiona, alishikwa na homa. Duka moja la dawa lilichapa maelezo kwenye lebo ndogo, likaibandika kwenye chupa. Phiona alisoma, akapima kwa uangalifu, akampa mtoto mililita ishirini na tano, mara tatu kwa siku, siku mbili. Macho ya Gaju yakawa manjano. Alilazwa siku kumi na tatu kwa ajili ya dawa iliyozidi kipimo. Sasa yuko nyumbani na anacheza, lakini muganga wa hospitali bado anampima damu kila mwezi, na hajasema kwamba ini limepona. Huku mtaani ikasemwa kwamba mama yake hajui kusoma. Mama mkwe wake alilisema hilo mbele ya wageni.

Mwenzetu Jovia alikwenda kumjulia mtoto hali, akaiona chupa dirishani. Alizitambua herufi kabla hajasoma neno. Akaiomba, akaja nayo karakanani kwetu.

"Ilyasi, soma hapa."

"Ishirini na tano."

"Soma tena."

Ilyasi aliisogeza kwenye mwanga, akachukua lenzi. Kisha akakaa chini sakafuni. "Mana yanjye, Mungu wangu," akasema. "Ni mbili na nusu."

Ilikuwa imeandikwa 2,5. Ule mkato wa desimali Ilyasi aliuchora mfupi, akausukuma chini ya mkia wa 2, ili tarakimu zishikane vizuri kwenye bango. Kwenye bango la mita mbili unaonekana. Kwenye lebo ya upana wa kidole gumba, wino unaufunika. Hata aliyeuchora hakuuona.

Tangu siku hiyo tunazunguka kutafuta. Tumeikuta fonti yetu kwenye maduka mawili mengine ya dawa. Kule Ndera tumeikuta kwenye vifuko vya dawa ya kunyunyizia mboga, mkulima akituhakikishia kwamba anapima vile vile kama ilivyoandikwa. Tumetengeneza Mteremko mpya yenye mkato mkubwa, uliosimama peke yake. Lakini ile ya zamani iko kwenye simu na kompyuta tusizozijua, na hatuna namna ya kuirudisha. Kila simu ya namba ngeni ikiita, tunatazamana nani aipokee.

Maombi

Barua yako inasema kwamba baada ya uzinduzi wa leo, fonti hii itapelekwa kwa wachapaji wote wa mji. Tunakuomba usiizindue. Badala yake, ofisi yako iwaandikie wachapaji na wenye maduka ya dawa waifute, na ieleze wazi kwamba Mteremko ni ya mabango, si ya vipimo.

Tunajua kwamba kwa kusoma haya tunaweza kufungiwa karakana, au kupelekwa mahakamani. Tuna watoto, tunaogopa. Ila tukinyamaza, tunaogopa zaidi.

Na wajibu usitupwe kwa Ilyasi peke yake. Alichora yeye, kuigawa, tuliigawa sote.

Hitimisho

Jana tulikwenda kwa Phiona, sote kumi na mmoja. Tulimpa lenzi. Aliangalia lebo muda mrefu.

"Kwa hiyo iko hapa? Hii alama?"

"Iko, dada," Ilyasi akamjibu. "Niliificha mimi, bila kujua."

"Miezi yote hii nimekuwa najiita muuaji."

Tulimuuliza tumfanyie nini. Hakutaka tumpe kitu chochote. Alisema, "Mkasome mbele ya watu wote. Na mama mkwe wangu nitakuja naye."

Mheshimiwa, wamekaa safu ya pili, na Gaju yuko mapajani mwa bibi yake.

Mungu amponye mtoto huyu, awalinde wengine ambao hatujawafikia, na akuongoze katika utakaloamua juu yetu.

Ni sisi,
Ushirika wa Wachora Herufi, Kagarama.