Ubeti Nilioukata

Sikilizeni, wanangu. Curstaidh binti yangu, acha kunipangia mito. Ruairidh, funga mlango, upepo wa theluji hatukuualika. Nyumba na malisho mpaka kijitoni ni vya Ruairidh, meza ndefu ya kupigia sufu ni ya Curstaidh, na hapo msigombane, maana kilichonikalia kifuani si mali.

Ule wimbo wa Peigi, mama yenu, mnaouita wimbo wa baba, sikuutunga mimi. Aliutunga Niall wa ng'ambo ya kijito, alipompenda mama yenu. Desturi yetu mwaijua: kitambaa cha sufu kikishapigwapigwa mezani kikakaza, wanawake huimba kwa makofi wakimtajia msichana mwanamume, naye hukataa au hukubali. Walipomtajia Niall, mama yenu aliinamia meza akakataa, waliponitaja mimi akasema, "Huyo atanifaa, japo sauti yake ya chura." Watu walicheka, na Niall naye akacheka, masikini.

Miaka ikapita, akaja mwalimu wa mjini kukusanya nyimbo zetu za Kigaeli, na mashine yake ya kunasa sauti. Akauliza wimbo huu kautunga nani, nami mbele za watu nikasema, "Mimi." Nikaukata ubeti wa mwisho, kwa kuwa ndio uliomtaja mtunzi mwenyewe. Mama yenu alikuwa akimimina chai. Wageni walipoondoka akaniambia, "Lachlann, mke ulipewa. Wimbo nao, nani alikupa?" Hakulirudia neno hilo mpaka tukamzika, na Niall hakudai kitu, ila tangu siku ile hakuimba tena mezani kwetu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami naona haya, wanangu.

Basi mwandikieni yule mwalimu, jina langu lifutwe, la Niall liwekwe. Mkishanizika, tandazeni sufu mezani, mkamwite Niall akae mwanzo wa meza na kuongoza, ninyi mpige na kuitikia tu. Msimharakishe, pumzi yake nayo imechakaa.

Ubeti ule... nipe maji, Curstaidh. Ubeti ule unasema, mimi Niall wa kijitoni namwombea heri aliyempata Peigi, na watoto wao, na watakaozaliwa na hao. Ilikuwa baraka yenu, nami nimewanyima miaka thelathini. Mungu awalinde... sina nyingine iliyo bora kuliko hiyo. Nendeni mkaipokee kwake.