Umeme Gani?

Jana alasiri radi ilimpata Paka, mwezekaji wa mtaa wetu, akiwa juu ya paa la ghala linalotazamana na benchi letu. Ilipiga ncha ya paa, yeye ikamrusha kwenye lundo la mchanga. Hakufa, Mungu mkubwa, lakini yuko wodini. Mkono wa kulia haushiki kitu na sikio moja linapiga mluzi. Kwa hiyo leo asubuhi pale nje kwa Kinyozi hakuna aliyekaa kwa raha. Mama Kahawa alimimina bila kuulizwa. Redio Mbao, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, akaanza kwa kulipiga benchi kofi.

— Waliona! Nawaambieni waliona! Mtaalamu wa hali ya hewa kasema leo redioni. Kuna setilaiti huko juu, jicho lake halilali, usiku na mchana linatazama radi zinavyomweka ndani ya mawingu. Zikizidi ghafla, wanajua dhoruba inakaza na inaelekea wapi. Tone halijadondoka, wao wanajua!

— Sasa kama waliona, mbona hawakusema? Kinyozi akauliza, kitana kimechomekwa nywelani.

— Walisema, akajibu Mzee Tai.

Huyu ni karani mstaafu. Tai haivui hata jua likiwaka vipi. Akatoa simu, akaiweka mbali na macho.

— Si niliwasomea jana, mmekaa hapa hapa? "Ongezeko la shughuli za umeme linatarajiwa eneo lenu hivi punde. Chukueni tahadhari."

Kinyozi akatua kikombe.

— Ule? Si ule wa umeme kukatika?

— Ndio huo huo.

— Mzee, mimi nilimnyoa mtu mbio mbio kama kondoo kwa ajili ya ule ujumbe! Nikajua mashine itazima!

— Shughuli za umeme! Redio Mbao akasimama. Radi ina shughuli gani? Ina duka? Ina kikao? Andika "radi", basi! Herufi nne tu, mtu anaingia ndani!

— Ndiyo lugha ya ofisi hiyo, bwana, Mzee Tai akasema. Ukiandika "radi", bosi ataona hukusoma.

— Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, Kinyozi akaunguruma. Pale wamejaa ofisi nzima, na neno wameliharibu!

— Si bahati mbaya hiyo. Redio Mbao akashusha sauti. Wanaficha. Ile setilaiti inauvuta umeme wa radi kwa juu, wanauuza. Wakitutangazia, si na sisi tutatega ndoo?

— Acha uongo, Kinyozi akadakia. Kule juu usiku ni giza, sivyo? Na picha ya gizani inataka flashi. Sasa ile radi unadhani ni nini? Ndiyo flashi yao! Paka kapigwa picha!

— Alasiri kulikuwa na giza gani, we Kinyozi? Mama Kahawa akamkata. Mwenzenu yuko wodini, nyinyi mnaleta mzaha.

— Hatuna mzaha, mama, tuna hasira! Redio Mbao akafoka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo!

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Setilaiti imelelewa na watu wasiojua Kiswahili! Redio Mbao alikuwa anapayuka kweli, na mate yanamruka. Twendeni ofisini kwao, sasa hivi! Uwe na habari, ukae nayo, mwenzako anaumia juu ya paa? Kujua jambo usimwambie linayemhusu, huo ni unyama!

— Unyama! tukaitikia sote. Mimi pia niliitikia, tena kwa nguvu.

Hapo ndipo tulipomwona mdogo wa kike wa Paka, amesimama kando ya ukuta. Mkononi alishika kandambili za kaka yake. Paka hupanda paa pekupeku. Alimwamkia Mzee Tai, akatukazia macho sisi wengine.

— Huo ujumbe mliusoma kabla ya radi?

— Kabla, mwanangu, Mzee Tai akasema. Kabla kabisa.

— Mlimwambia nani?

— Kila mtu! Redio Mbao akajipiga kifua. Nilikimbia mtaa mzima. Fundi wa kuchomelea nilimwambia, akawahi kumaliza geti lake. Yule wa fotokopi, mama mwenye friji la samaki, hata wale wa mashine ya kusaga. Nani mwenye kitu cha umeme sikumwambia?

— Na kaka yangu?

Redio Mbao akageukia ghala. Ng'ambo ya barabara, upepo ulikuwa unanyanyua bati moja lisilopigiliwa na kulibwaga, kulinyanyua na kulibwaga.

— Yeye… yeye alikuwa na nyundo tu, Kinyozi akasema, kwa sauti ya mtu anayeyasikia maneno yake kwa mara ya kwanza.

Mzee Tai akalegeza tai. Mama Kahawa alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe changu, wala hakumimina.

— Nauliza tu, binti akasema. Maana kaka amelala; akiamka ataniuliza mimi.